Sigara Isiyo na Nusu

Haya nayaandikia mtu mmoja tu: yule aliyekaa kwenye benchi la hospitali, ameshika bahasha yenye picha ya kifua chake, na moyoni anajiuliza kama atapata pa kuvutia sigara kabla jina lake halijaitwa. Nakujua. Nilikaa hapo hapo. Sogea nikusimulie, maana sasa pumzi ninayo, na mwaka juzi sikuwa nayo.

Mimi ni Mama Riziki. Natoka upande wa Fizi, Kivu ya Kusini, na sasa kwetu ni Juru, huku Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Nalima maharage, na siku za soko nauza ndagala, wale dagaa wakavu. Mume wangu, Baba Riziki, ana paneli ya sola juu ya paa na meza mbele ya nyumba. Watu wanamletea simu azichaji. Mtoto wetu Riziki alipata safari ya Kanada pamoja na mume wake. Nyumbani tukabaki mimi, mzee wangu na sigara.

Usishangae mwanamke kuvuta. Mama yangu alivuta kiko huku anasuka mikeka, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Baba Riziki ndiye hakuwa mvutaji nilipoolewa naye. Mimi ndiye niliyemwanzisha, kwa sababu alikuwa anaongea sana, na mtu mwenye sigara mdomoni angalau hunyamaza kidogo.

Mchana kila mmoja alivuta zake. Lakini jioni, baada ya kula, ilikuwa sigara moja kwa watu wawili. Naiwasha kwa kaa la mbabula, jiko letu la makaa, navuta nusu ya kwanza, halafu nampa nusu ya pili. Nusu ilipimwa kwa macho, na macho ya Baba Riziki siku zote yaliiona nusu mapema kuliko yangu.

“Umepita mupaka,” anasema.

“Mupaka uko fasi gani?”

“Ulishaupita, sasa nitakuonyesha nini?”

Shamba, mahari ya mtoto, ugomvi na shemeji zake, vyote tulivimaliza kwenye sigara hiyo. Tulipokasirikiana kweli, kila mmoja aliwasha yake, na majirani wakiona nukta mbili za moto kwetu walijua leo hakuna amani.

Ugonjwa ulianza na mvua za kwanza, wakati wa kupanda maharage. Nilikohoa nikasema ni vumbi la ndagala. Maharage yakaota, nikasema ni baridi. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Kiongozi wa kwaya akanihamishia ya pili, kisha ya tatu, na Jumapili moja akanyoosha kidole kuelekea kwa wanaume wanaoimba besi.

“Mama, pale utapata benzako.”

Nilikwenda. Na nikawashinda.

Tulicheka nyumbani kwa jambo hilo, lakini miguu yangu haikucheka. Kutoka kwenye bomba la maji hadi kwangu ni mwendo wa kawaida, watoto wanaukimbia. Mimi nilianza kupumzika njiani, kwenye kibao, kile kiti kifupi, cha majirani zetu Warundi, Mzee Nestori na mke wake Mama Kloda. Hao ni Wakatoliki wasiokosa misa hata mvua ya mawe inyeshe. Mama Kloda alinipokea ndoo bila kuuliza kitu, akanipepea kwa upande wa kitenge chake, na mimi nikasingizia jua.

Kituo cha afya walinitemesha makohozi kwenye kikopo. Majibu yakarudi kwamba si kifua kikuu. Nilifurahi sana, nikatoka nje nikawasha sigara ya kushukuru.

Halafu ikaja ile jioni ya msimu wa kuvuna. Nilikuwa napeta maharage, hewa ikagoma. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Unafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Baba Riziki alinipakia kwenye kerea ya baiskeli, akanifunga kiunoni kwa kitenge kama gunia, akaanza kusukuma. Njia nzima aliongea. Aliongea habari za mvua, za betri, za mtu aliyeacha simu yake mezani wiki nzima. Nilielewa kwamba anaogopa akinyamaza atanisikia jinsi ninavyohema.

Kituoni waliniwekea hewa ya mtungi puani. Niliporudi duniani nilimkuta amekaa sakafuni kando ya kitanda, macho mekundu.

“Mama Riziki,” alisema, “weye ukienda, miye nitagawanya na nani?”

Nilitaka kumcheka. Nikajikuta nalia.

Wakatuandikia kwenda hospitali kubwa, Mbarara. Tulifika asubuhi tukakuta benchi limejaa mpaka ukutani. Ndugu msomaji, benchi lile lina sheria zake. Anayeinuka kwenda chooni anaacha kitambaa chake mahali pake, na mwenye kukohoa sana anasogezwa karibu na dirisha, si kwa huruma. Mama mmoja Mnyankore, mwenyeji wa huko, alikuwa na chupa ya maziwa, akanimiminia kwenye kifuniko bila lugha ya kuzungumza nami, akanipigapiga mgongoni. Mpaka leo sijui jina lake.

Nesi akaniita. Kiswahili chake kilikuwa cha Mbarara.

“Mama, wewe nakunywa?”

“Hapana. Miye ni mutu wa kanisa.”

“Si pombe. Nauliza sigara.”

“Aa. Ile ndiyo, nakunywaka.”

“Ngapi kwa siku?”

Nikamtazama Baba Riziki. Baba Riziki akatazama dari. “Inategemea,” nikasema, “kama nusu ni nusu kweli, ama kama imepita mupaka.”

Nesi akaandika kitu, sijui alikiandikaje. Akanipeleka kwenye mashine yenye mdomo wa plastiki, akaniambia nipulize kwa nguvu zangu zote. Nilipoanza, alipiga kelele kama yuko kwenye mpira.

“Puliza! Ongeza! Ongeza mama, ongeza, usiache, ongeza!”

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima likageuka. Mtu mmoja akaanza na yeye, “Ongeza!”, na wengine wakafuata, hata yule mama wa maziwa. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Mashine ikatoa mstari mdogo sana. Watu wakapiga makofi hata hivyo.

Dokta alikuwa binti mdogo kuliko Riziki wangu. Alinisikiliza mgongo kwa muda mrefu.

“Mama, mapafu yako imechoka. Ile pahali imeharibika haiwezi rudi. Ile imebaki, tutachunga. Lakini sigara, leo ndiyo mwisho.”

Kisha akanipa pampu ndogo ya kuvuta dawa, akanifundisha: pumua nje, bonyeza, vuta, zuia.

“Dokta,” nikamwambia, “unanikataza kuvuta, tena unanipa kintu ya kuvuta?”

“Hii ndiyo utavuta. Ile ingine hapana.”

Nikaacha. Nasema nikaacha kwa sababu ndivyo nilivyowaambia watu. Kifua kilikubali kuacha mara moja. Mikono ndiyo haikuwa imeambiwa. Jioni baada ya kula ilikwenda yenyewe kutafuta kaa la moto. Niliipa karanga, nikanenepa. Niliipa kazi ya kusuka, nikasuka nywele za kila mtoto wa mtaa mpaka mama zao wakaanza kuwaficha. Na ulimi wangu ukawa mkali. Nilimgombeza Baba Riziki kwa kutembea, na alipokaa nilimgombeza kwa kukaa.

Yeye alikuwa ameapa kuacha pamoja nami, kwa mapenzi. Ila baada ya siku chache alianza kwenda chooni mara kwa mara. Nikasema tumbo limeharibika. Nikachuma majani ya mpera, nikachemsha, nikamnywesha kikombe kizima asubuhi na kingine jioni. Dawa ile ni chungu, inafunga tumbo kabisa. Alikunywa yote, uso umekunjamana. Mpaka siku nilipokuwa naanika nguo, nikaona moshi unatoka kwenye nyasi za paa la choo.

Niligonga mlango.

“Baba Riziki, choo inaungua?”

“Hapana.”

“Basi fungua.”

Akafungua kidogo. Kilichonikasirisha si kuvuta. Nilitazama kile kipande mkononi mwake na kilikuwa kimebaki kidogo tu.

“Na nusu yangu?” nikasema.

Hivyo tulirudi kuvuta, watu wazima wawili, kwa zamu, chooni. Kifua changu kikarudi kufanya kelele kama mlango wenye kutu. Riziki alipopiga simu kutoka Kanada nilijitahidi kuongea sentensi fupi fupi, lakini yule ni mtoto wangu.

“Mama, mbona unapumzika katikati ya jina langu?” akauliza.

Kiangazi kilipoingia alikuja mtu wa kanisa letu kutoka Kanada kuzika baba yake, akatuletea kifurushi. Ndani kulikuwa na kitu kama kalamu nene nyeusi na vichupa vya maji yenye harufu ya keki ya vanila. Riziki akaeleza kwenye simu: huko watu waliogoma kabisa kuacha wanatumia hii, sigara ya umeme. Si dawa, akasema, ila haina moto. Nilijua baadaye kwamba Uganda haziruhusiwi kuuzwa. Kwa hiyo sikuelekezi ukatafute. Nakueleza tu jinsi ilivyotufanyia.

Siku ya kwanza niliipeleka kwenye kaa la mbabula. Mazoea ni mazoea. Ncha ikaanza kutoa harufu ya ndoo iliyoungua, Baba Riziki akaruka kuninyang'anya. Bahati yetu ni mwisho usio na kazi ndio uliobabuka. Mpaka leo una kovu.

Ikabidi ichajiwe. Akaiweka mezani katikati ya simu za wateja. Mteja mmoja akadhani ni tochi, akaibonyeza na kujimulika usoni. Mwingine akauliza ni simu ya kampuni gani. Na jua likifichwa na mawingu hatuna sigara. Nilikuwa mwanamke wa kwanza Juru kuomba jua liwake ili avute.

Halafu mikono. Nilikung'uta majivu ambayo hayapo. Niliipachika juu ya sikio kama nilivyozoea nikiwa sokoni, ikaangukia kwenye ndagala, na tangu hapo ladha ya keki ya vanila ikawa na samaki kwa mbali. Nilikosa hata ule moshi wa kwanza unaochoma koo na kukwambia kazi imekwisha, kaa. Huu ulikuwa mvuke mtamu, kama kuvuta sherehe ya ubatizo.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa jingine. Sigara ya karatasi inaungua. Unaiona inapungua, unaiona inakwisha. Hii haipungui. Unaweza kuvuta mpaka kesho na iko vile vile. Sasa nusu iko wapi?

Tuligombana jioni tatu mfululizo, na safari hii hatukuweza hata kuwasha mbili, maana ilikuwa moja.

“Tuhesabu,” akasema Baba Riziki. “Kumi kwako, kumi kwangu.”

Akahesabu zangu kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa chake baada ya nne inakuja saba.

Ndipo nikapata wazo. Anayesubiri aimbe ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Ubeti ukiisha, kitu kinahama mkono. Hakuna anayeweza kudanganya wimbo ambao sote tunaujua.

Zamu yake ya kuimba ilipofika aliimba kama mtu anayekimbia mvua. Zamu yangu ilikuwa msiba. Nilishika mstari wa kwanza, hewa ikakatika. Nikapumzika. Nikashika wa pili, nikakohoa. Na yeye muda wote huo anavuta, macho ameyafumba.

“Leta,” nikasema.

“Haujamaliza ubeti.”

“Ninakufa hapa, na weye unavuta!”

“Imba pole pole, mama. Miye siko na haraka.”

Hasira ile ilinisaidia kuliko shauri lolote. Nilikuwa natumia pampu nikikumbuka. Sasa niliitumia kila asubuhi na jioni kama dokta alivyosema. Nikaanza kwenda kwenye bomba na kidumu kidogo, mwendo wa bata, nikivuta hewa kwa pua na kuitoa kama mtu anayepoza chai. Lengo langu halikuwa afya. Lengo langu lilikuwa kufupisha zamu ya Baba Riziki. Kiangazi kilipokuwa kinaisha niliweza kufika mwisho wa ubeti kwa kupumzika mara mbili. Mvua zilipoanza, mara moja. Yeye naye akaacha kwenda chooni bila sababu. Alikiri kwamba alijaribu kuvuta sigara nzima peke yake nyuma ya soko, akafika katikati akanyoosha mkono kumpa mtu, na hapakuwa na mtu. Akaitupa.

Tulirudi Mbarara. Nikamwonyesha dokta kile kitu, kwa sababu nimechoka kuvuta kwa kujificha. Akakigeuza geuza, akaona kovu.

“Hii hapa kwetu hawaruhusu kuuza. Nani alikupa?”

“Mutoto.”

“Mimi siwezi sema ni nzuri. Mapafu yako nataka hewa tu.” Akanisikiliza mgongo, hapa, na hapa, na hapa. “Lakini ile ya moto umeacha. Nasikia. Basi, maji yake ikiisha, usiombe ingine.”

Nikakubali upesi. Ni rahisi kukubali mwisho wa kitu ambacho nyumbani bado kiko kwenye kichupa.

Sasa sikia. Jioni moja Baba Riziki alikuwa anaimba na mimi nimevuta ndani, kifua kimejaa, tukasikia hodi. Mzee Nestori huyo, amebeba kibao chake. Nyuma yake Mama Kloda na rozari, na nyuma yao mjane mmoja wa nyumba ya tatu. Nikatumbukiza kile kitu kifuani, ndani ya kitenge. Mvuke nikauzuia.

“Mama Riziki,” alisema Mzee Nestori, akiketi, “sisi tunasikiaka munaimba kila jioni, tangu kiangazi. Nikamwambia mke wangu, hawa watu kifo kiliwapitia mlangoni, Mungu akawaponya, ndiyo maana wanamshukuru hivi. Si vizuri kuwaacha peke yao. Tumekuja tusali pamoja.”

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kufungua mdomo.

“Kwa jina la Baba,” akaanza, na sote tukainamisha vichwa, “na la Mwana,” na mapafu yangu machovu yakasema basi. Mvuke ukatoka kwa pua zote mbili, mweupe, taratibu, ukapanda juu ya vichwa vyetu.

Mama Kloda akafumbua macho. Akautazama. Akavuta pua.

“Na ubani wao ni muzuri,” alimwambia mume wake. “Parokiani hawana kama huu.”

“Unatoka Kanada,” akasema Baba Riziki.

Kesho yake walikuja tena, na watu zaidi. Walokole wakaja, Wakatoliki wakaja. Baba Riziki, mtu wa maneno, akafanywa kiongozi, na nikamwona akinyooka mgongo. Tulijaribu kuvuta kabla hawajafika, wakaanza kufika mapema. Tukajaribu baada, wakawa hawaondoki. Kuna aliyeleta viazi vya kuchoma, kuna aliyeleta ugomvi wa shamba usuluhishwe. Asubuhi wateja wako mezani. Sigara ya umeme ikabaki imelala kati ya simu za watu, imejaa chaji, haina mtu. Siku moja nilikuwa napalilia, nikashtuka: sikukumbuka mara ya mwisho kuitafuta. Nilisimama na jembe, nikajipapasa kifuani kama mtu aliyepoteza funguo. Hapakuwa na kilichopotea.

Usidhani nimepona. Asubuhi za baridi kifua bado kinanidai, na pampu iko mfukoni hata ninapoandika. Nikipita penye mtu anayevuta, mguu wangu mmoja unasimama. Nakwambia ili ukija kuyaona haya kwako usidhani umeshindwa.

Basi jioni moja, katikati ya sala, Mama Kloda aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia.

“Mama Riziki, ule ubani uliisha?”

Ndani, chini ya kitanda, kulikuwa na kichupa kimoja kizima. Nikamtazama Baba Riziki. Akanitazama. Kisha akawageukia watu kwa uso wa kiongozi wa sala.

“Uliisha,” akasema.

“Amina,” nikasema mimi, kwa sababu sikuwa na neno lingine karibu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta chooni, mlango wazi, amekishika kichupa kichwa chini, anakikung'uta tone la mwisho shimoni.

“Unafanya nini?”

“Nilisema uliisha. Nilisema mbele ya bantu banaomba Mungu.” Akakichungulia kichupa kwa jicho moja, akakitupa nacho. “Sasa uliisha.”

Wiki nzima choo chetu kilinukia keki, na watu wa sala waliokitumia walirudi kwenye vibao vyao wakitazamana.